Tarehe Nne Mwezi wa Tano

Busisi, Sengerema
17 Januari 2022

Kwa Mwalimu O. Kasubi,
Dawati la Maswali ya Kiingereza,
Igogo, Mwanza.

YAH: MASWALI MATATU YA MTU MZIMA

Mwalimu,

Nilikusikia redioni ukisema kwamba mtu yeyote mwenye swali la Kiingereza akuandikie, na kwamba hutamcheka. Nimeamua kukuamini. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilifundisha Jiografia miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo nilizungumza Kiingereza mbele ya watu kwa sauti kubwa ili wasisikie makosa. Sasa ninamlea mjukuu wangu Precious, aliyemaliza kidato cha nne, na ananiuliza mambo nisiyoyajua. Naona aibu kuuliza hapa kijijini. Simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo barua zangu nitazituma kwa karani wa mizigo pale kivukoni, na wewe unijibu kwa njia hiyohiyo.

La kwanza: nikitaka kusema nimeishi hapa miaka kumi, ni "since ten years" au "for ten years"? La pili: mia mbili ni "two hundred" au "two hundreds"? La tatu: kwa nini asubuhi ni "in the morning" lakini usiku ni "at night"? Nani aliamua hivyo?

Wako katika kujifunza,
Nathaniel Malimi


Igogo, Mwanza
24 Januari 2022

Mzee Malimi,

Asante kwa barua. Majibu yako haya hapa.

Tumia "for" unapotaja urefu wa muda: "for ten years". Tumia "since" unapotaja ulipoanza: "since 2012". Mtu akisema "since ten years" anaeleweka, ila anajulikana hapohapo kwamba amekosea.

Ni "two hundred". Namba ikishatajwa mbele, "hundred" haiongezwi kitu. Ukisema mamia ya watu bila kutaja idadi, hapo ndipo unaandika "hundreds of people".

La tatu halina sababu ya kukupa. Ni "in the morning", "at night", na siku ya wiki ni "on Monday". Hayo unayashika kichwani tu.

Usisite kuuliza tena. Uliza lolote, hasa la tarehe na saa. Hayo ndiyo yanayowaumiza watu wengi.

O. Kasubi


Igogo
25 Januari 2022

Dada Bernadeta,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu najua simu yako inasomwa na watoto, na watoto wanamsomea mama. Hii isome peke yako, ukimaliza uiweke jikoni kwenye moto.

Nimempata. Au tuseme amejileta. Nathaniel Malimi ameniandikia kuniuliza Kiingereza. Mimi! Ameweka jina lake kamili pale chini na hajui anamwandikia nani, maana Kasubi ni jina la mume wangu na herufi O inaweza kuwa mtu yeyote.

Niliisoma barua nikiwa nimesimama mlangoni, nikakaa chini palepale kwenye ngazi. Unakumbuka, dada, mwaka 2001? Nilikuwa nimeongoza kidato cha nne shuleni kwake. Wale wafadhili wa Marekani wakaandika kwamba wanataka kuniona wanisomeshe uuguzi. Barua yao ilisema 05/07. Malimi aliniita ofisini akaniambia kwa mdomo wake, tukiwa wawili, "Ni tarehe tano mwezi wa saba, nenda nyumbani ukajiandae," akanipa nakala. Nikarudi Ukerewe kujiandaa. Tulipokwenda na mama tarehe tano Julai, akatuambia mbele ya walimu wote kwamba wageni walikuja tarehe saba Mei na wameshaondoka. Mama akasema, "Mwalimu, si ndiyo tarehe uliyompa?" Naye akasema, "Mimi nilimpa barua. Kama mwanao hajui kusoma tarehe, atasomaje uuguzi?" Na nafasi ilikuwa imekwenda kwa Suzana, binti yake wa kuzaa.

Mama alimwamini yeye. Alinipiga kofi kwenye meli, abiria wakiangalia. Mpaka leo akinitambulisha kwa mtu husema, "Huyu ndiye aliyelala nafasi ikapita." Nimesafisha sangara kiwandani miaka sita, dada. Kiingereza nimejifunza nikiwa na harufu ya samaki mikononi. Nimekijifunza kwa hasira, tarehe na saa kwanza.

Sasa anauliza. Nami nitamjibu.

Odeta


Busisi
9 Februari 2022

Mwalimu Kasubi,

Majibu yako yamenisaidia mno. Nimemsomea Precious akacheka akasema, "Babu, kumbe na wewe unafundishika."

Leo nina jambo zito. Mjukuu wangu ameitwa kwenye usaili wa kusomeshwa. Mfuko wenyewe ni wa Wamarekani, na usaili ni huko kwenu Mwanza, kwenye ukumbi mmoja Ilemela. Barua inasema "on 04/05/2022" na "please arrive by 8". Hawakutaja siku ya wiki, na wala hakuna namba ya simu.

Naomba unieleze mambo mawili. "By 8" ni kufika saa mbili kamili au kabla yake? Na hiyo tarehe, ni tarehe nne mwezi wa tano, au tarehe tano mwezi wa nne? Nimewahi kusikia kwamba Wamarekani wanageuza. Tarehe za namna hii zinanitia hofu, na hofu hiyo ni ya siku nyingi. Sitaki kubahatisha. Utakalosema wewe ndilo nitakalolishika.

N. Malimi


Igogo
16 Februari 2022

Mzee Malimi,

"By 8" maana yake si baada ya saa mbili asubuhi. Mtu anaweza kufika saa moja au saa moja na nusu, lakini ikigonga saa mbili awe ameshafika. Msichanganye na "until 8", ambayo ni kukaa mpaka saa mbili.

Kuhusu tarehe, usiwe na wasiwasi. Wageni wanaofanya kazi hapa nchini hufuata desturi ya hapa: siku kwanza, mwezi baadaye. Ni tarehe nne mwezi wa tano. Precious ana muda wa kutosha kujiandaa.

O. Kasubi


Igogo
17 Februari 2022

Dada,

Nimefanya. Barua imeshavuka maji kwa kivuko cha Kigongo.

Nimemwambia Mei. Ukweli ni tarehe tano Aprili, mtu yeyote anayewajua Wamarekani anaona. Mwezi wa tano atamvalisha mjukuu wake, atavuka naye maji, atagonga mlango wa ukumbi, na mlinzi atamwambia wageni waliondoka zamani. Nataka asimame pale. Nataka amtazame yule binti usoni atafute la kumwambia. Basi.

Usiniambie kuhusu Mungu. Kisasi hiki nimekifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Odeta


Nansio, Ukerewe
2 Machi 2022

Mdogo wangu Odeta,

Barua zako mbili nimezichoma kama ulivyotaka, na ya pili niliitia motoni kwa koleo maana sikutaka hata kuishika.

Huyo mtoto ana miaka mingapi? Kumi na saba? Kumi na nane? Wewe ulikuwa na mingapi? Hukuniambia hata kama umejiuliza. Unasema unamtaka Malimi asimame mlangoni. Mlangoni watasimama wawili, Odeta, na mmoja wao hajakufanya kitu.

Mimi nilikuwepo siku mliporudi na meli. Ulipitiliza chumbani ukageukia ukutani, na kwa wiki nzima nilikuwa nakulisha uji kwa kijiko. Najua alichokufanyia. Lakini unachokifanya sasa nakifahamu vilevile, kwa sababu ni kilekile.

Mama hajambo, miguu tu. Jana alimwambia mgeni lile neno lake la "aliyelala nafasi ikapita". Nilitoka nje. Nilitaka kumwambia kila kitu, lakini angesema unajitetea, kama alivyosema mara zote.

Usiporekebisha hiyo tarehe, nitavuka mwenyewe mpaka Busisi nikawaambie.

Dada yako,
Bernadeta


Igogo
7 Machi 2022

Bernadeta,

Ukivuka kwenda Busisi, ukirudi usipitie kwangu.

O.


Busisi
12 Machi 2022

Mpendwa Mwalimu Kasubi,

Shikamoo. Mimi ni Precious, mjukuu wa Mzee Malimi. Babu hajui kama nakuandikia, nimemwomba karani wa kivukoni asimwambie. Barua zako anazisoma kwa sauti jioni kabla ya kula, na ile ya "by" na "until" ameisoma mara nne. Ametengeneza mpaka kalenda ukutani, anafuta siku moja moja kwenda tarehe 4 Mei.

Swali langu ni hili. "On time" na "in time" zinatofautianaje? Nikifika saa moja na nusu wakati wameandika saa mbili, nimefika "on time" au "in time"?

Halafu kuna jambo jingine, si la Kiingereza. Wewe unajulikana na watu wengi huko Mwanza, labda unaweza kunisaidia. Mama yangu alikuwa nesi, jina lake Suzana. Alifariki mwaka 2016. Alipokuwa anaumwa aliniambia kwamba nafasi yake ya kusoma haikuwa yake. Alisema, "Nilijibu maswali yaliyokuwa ya msichana wa Ukerewe. Anaitwa Odeta Machibya. Wale wageni walimtaja kwa jina, na mimi nikanyamaza." Alisema alitaka kumtafuta akaogopa, na kwamba nikiwa mkubwa nimtafute mimi. Nilimuuliza babu, akainuka mezani na chakula akaacha. Siku hizi simuulizi.

Kama unamjua mtu wa jina hilo, naomba uniambie. Sijui nitamwambia nini, ila niliahidi.

Wako mtiifu,
Precious


Igogo
16 Machi 2022

Precious,

Marahaba.

"On time" ni kufika kwa saa iliyopangwa. "In time" ni kufika kabla mambo hayajaharibika. Ukifika saa moja na nusu, umefika "in time", na utapata nafasi ya kunywa maji.

Sasa soma hapa kwa makini. Nilimwambia babu yako tarehe ya uongo. Sikukosea, nilidanganya. Usaili wako ni tarehe TANO mwezi wa NNE, siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi. Wamarekani huandika mwezi kwanza. Usinitegemee mimi. Beba barua yako ukamwoneshe mtu mwingine anayeijua lugha, akuhakikishie. Karani nimemwambia akukabidhi hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine.

Huyo mtu unayemtafuta umeshampata. Mama yako alikuwa na miaka kumi na minane, kama wewe. Sina neno naye.

Odeta Machibya Kasubi


Igogo
16 Machi 2022

Nathaniel Malimi,

Mimi ni Odeta Machibya. Soma jina hilo polepole, kama ulivyokuwa ukilisoma kwenye orodha ya waliofaulu.

Tarehe niliyokupa ni ya uongo. Precious nimemwandikia ya kweli, kwa bahasha yake mwenyewe, kwa hiyo huna haja ya kunibembeleza kwa ajili yake. Yeye ameshatoka kati yangu na wewe. Nilitaka kukufanyia ulichonifanyia, na kwa mwezi mmoja nililala usingizi mzuri. Kilichonigeuza ni maneno ya mtoto wako aliyekufa, yaliyokuja kwa mkono wa binti yake. Usijidanganye kwamba ni huruma juu yako.

Mama yangu yuko hai. Ana miaka sabini na tisa, yuko Nansio, na kwa miaka ishirini na moja ameniona mjinga mvivu kwa sababu ya neno lako. Utakwenda kwake. Utamwambia ulisema nini ofisini na ulisema nini mbele ya walimu. Utakwenda kabla ya tarehe tano Aprili. Usipokwenda, Jumapili inayofuata nitavuka na barua zako zote nikazisome kanisani kwenu Busisi, na nitaanza na ile ya kwanza, ya kuzungumza kwa sauti kubwa.

Sitaki uniombe msamaha. Sikuandikii kwa ajili hiyo.

Odeta


Busisi
22 Machi 2022

Odeta,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Precious haongei na mimi tangu Ijumaa. Amenitengea chakula, akakaa nje.

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu ufanye utakavyo. Siku nilipokuita ofisini nilikosea kweli. Niliamini ni Julai. Tarehe saba Mei gari la wageni likaingia shuleni, nikajua kosa langu hapohapo. Wewe ulikuwa kisiwani, siku nzima ya safari. Walikuuliza kwa jina. Ningeweza kusema, "Nimekosea kusoma, naomba mrudi kesho." Ni maneno machache tu. Lakini walikuwa wazungu, walimu wangu walikuwa wamesimama, na mimi ndiye mkuu. Nikasema umeghairi. Kisha nikamwona Suzana anapita na ndoo ya maji, nikamwita.

Ulipokuja na mama yako Julai, uongo ulikuwa na miezi miwili. Nilikuwa nimeuzoea. Kumwambia mama yako yale niliyomwambia ilikuwa rahisi kuliko unavyofikiri, na hilo ndilo linalonitisha.

Naomba jambo moja. Nina miaka sabini na mbili, goti langu la kulia limekufa, na ngazi za meli siziwezi vizuri. Niruhusu nimwandikie mama yako barua. Nitaandika yote, bila kuficha, na Bernadeta au mwingine atamsomea.

N. Malimi


Igogo
24 Machi 2022

Mama hajui kusoma. Nenda.

Odeta


Nansio
31 Machi 2022

Odeta,

Alikuja juzi, Jumanne. Nakuandikia yote kama nilivyoyaona, maana najua utauliza kila kitu.

Alikuja na yule binti. Alikuwa amemshika babu yake mkono kutoka bandarini, lakini kwa namna ya mtu anayemshika mgonjwa wa jirani. Mzee alikuwa na koti, na jasho lilikuwa limepenya mpaka mgongoni. Mama alikuwa kibarazani anachambua dagaa. Hakumtambua.

Akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, baba. Umetoka wapi na mguu huo?"

Hakukaa. Akasema, "Mimi ni Malimi. Mkuu wa shule wa Odeta." Mama akatabasamu, Odeta, akaanza kuifuta mikono amsalimie vizuri. Nilitaka kulia palepale. Akamwambia, "Usinipe mkono kwanza." Halafu akasema yote. Kwamba tarehe aliisoma yeye vibaya, kwamba wewe ulifuata alichokuambia, kwamba wageni walikutaja na yeye akasema umeghairi. Sauti yake ilikuwa ndogo, nilikuwa nainama kumsikia.

Ungo ulikuwa bado mapajani mwa mama. Kisha akaniambia, "Bernadeta, niitie Mama Shimba. Niitie na wale wa kisimani. Wote."

Nikawaita. Walikuja wanawake tisa na wanaume wawili. Uwanja ukajaa. Mama akamwambia, "Sema tena. Umeniambia mimi peke yangu, lakini siku ile ulisema mbele ya watu."

Akasema tena. Mama akasema, "Sikusikia." Akasema tena, kwa sauti, mpaka Precious akageuza uso. Mara ya tatu alipofika kwenye maneno "atasomaje uuguzi," alishindwa, akashika nguzo ya kibaraza. Mama Shimba akasema, "Basi, mama, inatosha." Mama akasema, "Haijatosha, lakini amechoka. Mpeni maji."

Walipoondoka mama hakumpa mkono. Yule binti ndiye aliyerudi mbio kutoka njiani, akapiga magoti, akasema, "Bibi, mimi ndiye mtoto wa Suzana." Mama akamwangalia, akamwambia, "Inuka. Nenda kasome."

Tangu hapo mama hali vizuri. Jana nilimkuta chumbani ameketi kitandani anautazama mkono wake wa kulia, anaufungua na kuufunga. Nilimuuliza, "Unauma?" Akasema, "Nilimpiga kwa mkono huu. Watu walikuwa wanaangalia." Nikamwambia nikupigie simu muongee. Amekataa. Anasema jambo hili haliendi kwa simu wala kwa kutuma mtu, anataka uje.

Njoo, Odeta.

Bernadeta


Igogo
6 Aprili 2022

Dada,

Jana nilikwenda Ilemela. Sikuwa nimeitwa, nilitaka tu kuhakikisha. Nilisimama upande wa pili wa barabara kwenye duka la vocha. Precious alifika saa moja na dakika kumi. Nilimjua kwa kutembea, anatembea kama Suzana. Alikuwa na bahasha kifuani na viatu vilivyopigwa rangi mpaka kwenye soli.

Babu yake alikuwa naye. Aliketi kwenye jiwe nje ya geti baada ya yeye kuingia. Akaniona. Sijui alinijuaje, maana nilikuwa na miaka kumi na minane aliponiona mara ya mwisho. Aliinuka kwa shida, akavua kofia, akasema kutoka ng'ambo, "Mwalimu." Magari yalikuwa yanapita. Nilimtazama mpaka akakaa tena, kisha nikaondoka.

Sijamsamehe. Uwaambie wote hapo nyumbani mapema, mama pia, wasije wakanipangia. Uliponiandikia alivyoshika nguzo nilisoma sehemu hiyo mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa raha tu. Hivyo ndivyo nilivyo, na sikufichi.

Kuhusu Precious, nimejibu barua yake nyingine leo. Alitaka kujua kwa nini mtu husema "in April" lakini "on the fifth of April". Nimemwambia nitamfundisha bure, apite au asipite.

Nitapanda meli ya Jumamosi asubuhi. Nimeshaomba ruhusa darasani, na mume wangu atabaki na watoto. Nimefunga begi na kulifungua mara tatu. Miaka ishirini na moja, dada, nimekuwa nikitunga maneno ya kumwambia Malimi. Nikiosha vyombo, nikitembea, nikifundisha, maneno yalikuwa yanajipanga yenyewe. Ya kumwambia mama sikuwahi kuyatunga hata moja. Sikujua kama siku hiyo ingekuja.

Nipokee bandarini. Tutembee polepole kwenda nyumbani.

Odeta